Umri wa Segametsi

Lerala, 3 Machi 2019

Shangazi yangu Boitshepo,

Nakusalimu kutoka uani. Nimekalia kile kigoda ulichokivunja mguu Krismasi, tumekifunga kwa waya. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya uzima uliopo. Mvua ilitunyima mwaka huu, mtama umekauka ungali magotini. Mama anakusalimu kutoka Palapye; bado anauza vitambaa, na mwisho wa mwezi anarudi na mkate uliokatwa vipande. Ng'ombe mwekundu wa Baba Mkubwa Modiri alizaa mapacha, mmoja hakusimama.

Naandika kwa sababu ya simu ya Jumapili. Uliniuliza mambo mengi, nikajibu "ndiyo, Shangazi" tu. Unanijua. Simu ikiwa sikioni, na Baba Mkubwa kasimama mlangoni anaingoja, maneno yananikauka. Mwalimu wetu anasema Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri, cha kusema hakipo. Sikumwambia kwamba hata Kitswana changu ni hivyo hivyo. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama mdomo.

Ni habari za Bibi. Wiki iliyopita nilirudi kutoka shule nikakuta ametia redio kwenye sufuria ya uji.

"Bibi, hiyo ni redio."

"Kwani mimi kipofu? Imelia tangu asubuhi. Ina njaa."

Nikacheka, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Hayo ni ya kucheka. Ya Jumatano hayakuwa ya kucheka. Jikoni aliacha moto ukapanda kwenye nyasi za paa, majirani wakauzima kwa mchanga. Na Ijumaa zahanati, muuguzi aliita, "Segametsi! Segametsi!" Bibi hakuinuka. Nikamgusa bega: "Bibi, ni wewe." Akasema kwa sauti, watu wote wa benchi wakasikia: "Segametsi amekufa. Mimi nimekalia mkeka wake tu. Mimi ni Motlalepula."

Benchi zima lilihama, Shangazi. Tulibaki wawili.

Sasa maneno yamezagaa. Baba Mkubwa anasema mtu anayejitangaza maiti ana jambo na maiti. Pasaka ataita ukoo. Anataka Bibi apelekwe kambi ya ng'ombe, akakae na mchungaji wa mifugo, mbali na watu na mapaa yao. Lakini ofisa wa ustawi wa jamii amesema hospitali ikiandika kwamba ni ugonjwa, atampatia kitanda kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa Palapye, karibu na Mama. Kwa hiyo tunangoja majibu ya zile picha za kichwa mlizompiga huko hospitalini kwenu Januari. Tafadhali yaharakishe. Mimi ndiye ninayelala naye, na siku hizi silali.

Halafu, Shangazi, Motlalepula ni nani?

Mwanao,
Gaone


Gaborone, 24 Machi 2019

Mwanangu Gaone,

Barua yako ilinifikia, nikaisoma nikiwa nimesimama. Huku tunamshukuru Mungu. Watoto wana mitihani, maji yanakatika kila Jumanne, na mume wangu amenunua kuku wasiotaga. Msalimie Mama yako. Waambie hicho kigoda nilikikuta kimeoza.

Majibu ya Mama, bibi yako, yametoka. Nataka uelewe jinsi tunavyoyapata, ili umweleze Modiri.

Ile mashine iliyompigia Mama makelele kichwani (aliniuliza, "Nani anajenga humu ndani?") hupiga picha za kichwa tabaka kwa tabaka, nyembamba kuliko vipande vya mkate wa mama yako. Programu kwenye kompyuta huzipokea. Kwanza hufuta uso, ili anayekagua asijue ni nani. Kisha hupaka kila sehemu ya ubongo rangi yake na kupima ukubwa wake. Zamani mtu aliinama akachora mipaka kwa mkono kutwa nzima. Sasa unaiachia programu, unaenda kuchemsha nyama, ukirudi imemaliza. Kazi yetu ni kuikagua, maana nayo hukosea. Mara nyingine hupaka utando wa fuvu ikidhani ni ubongo, sisi tunafuta.

Kwa wazee tunatazama zaidi sehemu mbili ndogo, moja kila upande, ndani, usawa wa masikio. Zimejikunja kama wale viwavi wa miti ya mopani tunaowala. Humo ndimo mtu anamoweka ya jana. Ugonjwa wa kusahau ukianza, hao viwavi ndio hukonda mapema.

Lakini kila mzee hukonda kidogo, mgonjwa na asiye mgonjwa. Ndiyo maana programu humlinganisha mtu na wenye umri wake. Kati ya wanawake mia wenye miaka sabini na tisa kama Mama, thelathini na wanne wana sehemu hizo ndogo kuliko zake. Yaani ni kawaida kwa umri wake. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Usije ukadhani kuna upendeleo. Kazini kwetu mtu hapimi ndugu yake. Kijana ninayekaa naye chumba kimoja, Thuso, ndiye aliyekagua picha zote. Mimi niliandika jina na tarehe ya kuzaliwa tu, kama zilivyo kwenye kitambulisho.

Hata hivyo programu si daktari. Inajua ukubwa, haijui redio imeingiaje sufuriani. Asiachwe peke yake, asitolewe nyumbani, na arudishwe hospitali baada ya miezi sita. Hayo uyasome mbele ya wote.

Kuhusu hilo jina, wazee hutaja majina mengi. Usimhoji.

Ni mimi shangazi yako,
Boitshepo


Lerala, 28 Aprili 2019

Shangazi,

Salamu za baada ya Pasaka. Mama alikuja, alirudi jana. Viwavi wa mopani wamekuwa wengi msimu huu, tumeanika mikeka mitatu, mkono wangu wa kuume umechubuka kwa kuwaminya utumbo. Nilipokuwa nawaminya nilikumbuka barua yako. Sikula.

Ukoo ulikaa Jumamosi. Baba Mkubwa alinitaka nilete barua yako, akasema, "Wewe msomi, tusomee." Nikasimama nikasoma.

Baba Mkubwa akasema, "Mmesikia wenyewe. Gaborone wamemfungua kichwa kwa mashine wakakuta kila kitu mahali pake. Basi si ugonjwa. Ama ni ukaidi, ama ni kitu ambacho hospitali haina dawa yake."

Mke wake akadakia, "Kichwa kizima kinachoma jiko? Cha mgonjwa kingechoma nini, kijiji?"

Watu wakacheka. Bibi alikuwa amekaa na blanketi lake, anatazama huku na huku kama mgeni wa heshima. Akamwinamia Baba Mkubwa, akasema kwa upole, kila mtu akisikia, "Modiri, futa kamasi, mwanangu. Wageni wanakutazama."

Wakacheka zaidi, Shangazi. Wazee wenzake Baba Mkubwa, watu anaokaa nao barazani kwa chifu. Ana miaka hamsini na minane. Aliinuka, kiti kikaanguka. "Jumatatu anaondoka," akasema.

Jumatatu aliondoka. Alipanda nyuma ya pikapu na godoro lake, akatupungia mkono kama anaenda harusini.

Kuna jambo moja. Nilipokuwa nafunga nguo zake, jirani yetu Mma Galeboe alileta blanketi. Akamshika Bibi shavu, akaniambia, "Huyu nilianza naye shule siku moja. Tuligawana kibao kimoja cha kuandikia, yeye upande huu mimi upande ule, na alikuwa anafuta wa kwangu."

Nikamuuliza, "Mma, wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Na Bibi sabini na tisa?"

Alilikunjua lile blanketi, akalikunja upya. "Muulize shangazi yako," akasema, akaenda zake.

Basi nakuuliza. Watoto wawili wa darasa moja, mmoja amempita mwenzake miaka kumi na mitatu vipi? Na kama ile programu inamlinganisha mtu na wenye umri wake, si lazima umri uwe wake?

Gaone


Lerala, 2 Juni 2019

Shangazi,

Habari za huko. Sisi tupo. Baridi imeshuka, asubuhi maji ya ndoo yana ngozi juu. Nimekuwa wa pili kwenye hesabu. Kila Ijumaa napita posta. Yule mama wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijasalimu.

Nilipata nafasi kwenye pikapu ya chumvi ya ng'ombe nikaenda kambini. Nitakuandikia nilichokiona, maana najua Baba Mkubwa amekwambia kwenye simu kwamba Bibi ananenepa.

Analala kwenye kibanda cha kuwekea kamba na ngozi. Amekonda. Mchungaji si mtu mbaya, ni yule mzee asiye na meno ya mbele. Anampa uji na maziwa ya mgando, naye mwenyewe hana zaidi. Lakini Bibi huamka anatembea, na mzee hawezi kuchunga ng'ombe mchana na mtu usiku. Kwa hiyo amemfunga kengele ya mbuzi kifundoni. Aliniambia bila aibu yoyote: "Ili nisikie." Nilipomkumbatia Bibi, ikalia. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu. Akasema, "Yule ni wangu kabisa," akanipa kipande cha sukari alichokuwa amekificha kwenye soksi. Soksi ilikuwa moja.

Niliporudi nilikwenda kwa Mma Galeboe, nikakaa kwake mpaka akachoka na kukaa kwangu. Hivi ndivyo alivyosema.

Segametsi alikuwa mke wa kwanza wa Babu. Ndiye aliyemzaa Baba Mkubwa, ndiye aliyekuzaa wewe. Alikufa mwaka wa 1971, wewe una miaka miwili. Kama ilivyokuwa desturi, kwao walileta mdogo wake ashike nyumba na alee watoto. Huyo ndiye Motlalepula, msichana wa miaka kumi na minane. Babu alikuwa machimboni Johannesburg, na ofisi ya kuajiri wachimbaji ilikuwa na mke mmoja kwenye karatasi zake. Wazee wakaona hakuna haja ya kusumbua ofisi. Wakasema: nyumba ni ileile, mke ni yuleyule, jina ni lilelile. Vitambulisho vilipokuja, akapeleka karatasi za dada yake. Tangu hapo amebeba miaka ya marehemu.

Kwa hiyo zahanati hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anasema kweli, watu wakahama benchi.

Na marehemu baba yangu alizaliwa na Motlalepula. Hapa bomani nyote ni watoto wa dada yake. Damu yake iko kwangu tu. Sisemi kwa kukutenga, Shangazi. Ila nimelifikiria sana.

Wewe uliniambia picha hupokelewa na kompyuta; nadhani bado zimo. Basi hakuna haja ya kumlaza tena kwenye mashine. Badilisha tarehe tu. Andika sitini na sita, uiache programu ihesabu upya. Ikisema ni mgonjwa, kitanda cha Palapye kipo; nimemuuliza ofisa, kipo.

Baba Mkubwa alikuwa na miaka kumi mama yake alipozikwa, kwa hiyo yeye anajua. Wewe ulikuwa mdogo. Lakini wewe ndiye uliyeandika tarehe.

Ulijua?

Gaone


Gaborone, 5 Julai 2019

Gaone,

Salamu. Watoto wamefunga shule. Kuku tumewachinja.

Nimemwomba Thuso aziingize zile picha upya kwa umri wa miaka sitini na sita. Picha hazikubadilika hata chembe, wala vipimo havikubadilika. Kilichobadilika ni wale aliolinganishwa nao. Kati ya wanawake mia wa umri wake, watatu tu ndio wenye sehemu hizo ndogo kuliko zake. Thuso alinigeukia akaniuliza nani aliandika tarehe ya kwanza. Daktari ameyatazama majibu hayo, akayapitia na maelezo yako, ameandika kwamba ni ugonjwa wa kusahau na kwamba mgonjwa hafai kuachwa bila uangalizi. Karatasi ameisaini, ninaiambatisha hapa.

Ipeleke kwa ofisa wa ustawi siku hiyohiyo utakayoipata. Usimpe Modiri. Mwisho wa mwezi nitapanda mwenyewe nimtoe huko.

Mnunulie soksi.

Mengine tutazungumza.

Boitshepo


Lerala, 21 Julai 2019

Shangazi Boitshepo,

Nakusalimu. Natumaini ulifika salama, na kwamba watu wa kazini wamekupa pole. Sisi tumeshaanua turubai, masufuria ya kuazima yamerudishwa, limebaki moja halina mwenyewe.

Barua yako ilifika Jumanne, siku tatu baada ya mazishi ya Bibi. Mama wa posta hakutikisa kichwa safari hii, aliipunga juu kwa furaha. Sikuweza kumwambia. Nilisema "asante, Mma." Karatasi ya daktari ni nzuri, ina muhuri. Nilimpelekea ofisa kama ulivyoagiza, sijui kwa nini. Akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili.

Ulirudi Jumapili bila sisi kuzungumza. Ulikaa ndani kwenye godoro la wafiwa wiki nzima, na mimi nilikuwa jikoni, na kila nilipokuletea chai kulikuwa na wanawake. Kwa hiyo naandika, kama kawaida yangu.

Mchungaji alinieleza hivi. Asubuhi ya Jumamosi, wiki moja kabla ya mazishi, alikuta kengele juu ya mkeka. Kamba haikukatwa. Fundo lilifunguliwa, kamba ikakunjwa vizuri kando yake. Sijui vidole vyake vilikumbukaje. Walimfuata nyayo mpaka mto mkavu, upande wa kuja huku nyumbani. Alikuwa amekaa ameegemea ukingo, umande umeganda kwenye blanketi. Viatu alikuwa amevivua akavipanga pamoja mbele yake, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia Aprili. Nilikuandikia kwamba nilisimama nikasoma barua yako. Sikuimaliza. Nilifika pale penye "kawaida kwa umri wake", wote wakainua macho kunitazama, nikaweka kidole kwenye mstari uliofuata. Baba Mkubwa akasema, "Basi, inatosha, kaa." Nikakaa. Yale ya kwamba programu si daktari, asiachwe, asitolewe nyumbani, yalibaki mkononi mwangu. Nilikuwa nayaona. Kidole changu kilikuwa juu yake. Siku ya Jumatatu nilikuwa bado na nafasi ya kuyasema, nikafunga nguo zake.

Kwa hiyo Baba Mkubwa aliponiita alfajiri ya mazishi, kabla jeneza halijatolewa, akanipa karatasi ya historia ya marehemu, nilitaka kukimbia. Alisema, "Mjukuu ndiye husoma. Isome kama ilivyo. Na usome kwa sauti, si ule mluzi wako." Karatasi ilisema: Segametsi, amezaliwa 1940, mama wa watoto watatu, amefariki akiwa na miaka sabini na tisa.

Wewe ulikuwa ndani, hukuona. Watu walikuwa wengi kuliko Pasaka, pumzi zinatoka midomoni kama moshi. Nikaanza, sauti haikutoka. Mtu wa nyuma akasema, "Hatusikii!" Mwingine akamjibu, "Mwache, huyo ni bubu wa Kiingereza na bubu wa Kitswana." Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka kwenye baridi. Mma Galeboe alikuwa mstari wa mbele. Alinitazama mdomoni, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya.

Nikaikunja karatasi. Nikasema, "Bibi yangu aliitwa Motlalepula. Alizaliwa mwaka wa 1953. Alianza shule siku moja na Mma Galeboe. Alikuja hapa akiwa na miaka kumi na minane kulea watoto wawili wa dada yake Segametsi, akawalea, kisha akamzaa baba yangu. Amefariki akiwa na miaka sitini na sita. Alikuwa mgonjwa."

Nilikuwa bado sijaipata karatasi yako. Hilo la ugonjwa nililisema tu.

Nilimtazama Baba Mkubwa, nikingoja kiti kianguke. Hakuinuka. Alikuwa anatazama viatu vyake, halafu akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto.

Hapo ndipo ilipotoka sauti ndani ya nyumba. Mara moja tu. "Mama!" Wanawake wakadakia kwa wimbo, ikafunikwa, lakini mimi niliitambua. Ni yako.

Juni nilikuuliza kama ulijua. Hukunijibu, na sitauliza tena; na mimi kidole changu kilikuwa juu ya yale maneno. Nakuuliza hili tu, na hili ukitaka usilijibu kwa simu, maana kwa simu nitasema "ndiyo, Shangazi."

Siku ile ulikuwa unamwita yupi?

Mwanao,
Gaone